Mwezi Unaozama na Kivuli Chetu

Usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mwezi umepatwa. Kuanzia saa 2:30 usiku, kwa dakika 82, mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli cha dunia, na popote katika Afrika Mashariki ambapo mawingu hayakuziba, aliyeinua kichwa aliuona umekuwa wa rangi ya kutu. Kupatwa kwa namna hiyo kunajitangaza kwenyewe. Huhitaji kujua kitu ili ukuone.

Moyo wangu umebaki kwenye kule kudogo kulikotangulia mwaka mmoja kabla, alfajiri ya Jumatano tarehe 18 Septemba 2024, mwezi ukiwa umekaribia kuzama. Kivuli kizito cha dunia kiliugusa saa 11:13 alfajiri, kikazidi kuingia hadi saa 11:44, kisha kikaanza kurudi, na saa 12:16 kikautoka. Jumla ni saa moja na dakika tatu hivi. Hata pale kilipoingia zaidi kilifunika asilimia nane na nusu tu ya kipenyo cha mwezi. Ukihesabu eneo, ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya uso wake. Ulikuwa kama mkate wa kumimina ambao mtoto ameumega ukingoni kabla wageni hawajafika.

Nasema bila kusita kwamba kwa mtu aliyekuwa pwani ya Afrika Mashariki, kupatwa huko kudogo kulikuwa na mengi kuliko kule kukubwa. Mwezi mwekundu wa saa tatu usiku unautazama wenyewe, basi. Mwezi unaopatwa huku unazama unakulazimisha ujue umesimama wapi: upande gani wa kisiwa, upande gani wa bara, kwenye mstari upi kati ya usiku na mchana. Nilichokiona alfajiri ile, kwa kweli, kilikuwa dunia.

Mji Mkongwe wa Unguja hutazama magharibi. Wakazi wa Dar es Salaam na Mombasa, ambao bahari yao iko mashariki, hulisahau jambo hili wanapotutembelea. Kwetu jua huchomoza juu ya mabati ya Ng'ambo na kuzama baharini, na mwezi mpevu unaozama alfajiri hufuata njia hiyohiyo. Ukikaa kwenye ukuta wa Forodhani unakuwa na maji matupu mbele yako, kisiwa cha Bawe kulia kidogo, na nyuma ya upeo wa macho, Mrima, pwani ya bara, usioonekana. Mwezi ulikuwa ukiteremka karibu magharibi kamili, kushoto ya Bawe. Adhana ilikuwa imekwisha kitambo. Kusi, iliyokuwa inamalizia msimu wake, ilivuma kwa upole tu.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na dele lake la kahawa alisimama karibu yangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Unaangalia nini hata huioni kahawa?"

"Mwezi, babu. Umepatwa."

Akautazama. "Umepatwa wapi? Mbona mimi nauona mzima."

"Upande wa kulia, kaskazini. Ukingo wake haujatimia."

Akaweka dele chini, akautazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Kweli," akasema. "Haujatimia." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, si kwa utani: "Basi wakati wa kuuswalia bado upo, au umekwisha pita?"

Swali hilo nitalirudia, maana ni zuri kuliko maswali mengi niliyowahi kuulizwa juu ya mbingu. Kwanza niseme kwa nini jicho lake, lililokesha alfajiri nyingi kuliko langu, halikuliona pengo mara moja.

Udogo ni sababu moja tu. Tangu saa 9:41 usiku mwezi ulikuwa ndani ya kivuli chepesi, yaani eneo ambalo dunia imeziba sehemu ya jua bila kuliziba lote. Humo mwezi hufifia bila ukingo wowote wa kushika kwa jicho. Ni kufifia kunakoweza kudhaniwa ukungu wa bahari. Kivuli kizito kilipofika, alfajiri nayo ilikuwa inapanda nyuma yetu. Usiku wa giza, sehemu iliyofunikwa huonekana bado ipo, ya kijivu au ya hudhurungi, na unajua kwamba mwezi ni mzima ila umetiwa kivuli. Alfajiri haifanyi hivyo. Anga ikishapata mwanga wake, ile sehemu iliyofunikwa huwa hafifu kuliko anga yenyewe, ikapotea ndani ya rangi yake, na jicho linaona mwezi uliokatwa kweli. Ndiyo maana mzee alisema haujatimia. Alieleza alichokiona kwa usahihi kabisa. Na hilo pengo, nisilipambe, lilikuwa fupi mno kuonyesha mviringo wa kivuli. Aristotle aliutumia mviringo huo, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kuthibitisha kwamba dunia ni tufe. Kwa kupatwa kwa asilimia nane asingemshawishi mtu.

Kisha kilikuja kitu ambacho sikukitarajia kinishike vile. Robo saa kabla ya jua kutoka, anga ya magharibi ilijipanga kwa tabaka mbili. Juu palikuwa na ukanda wa waridi. Chini yake, ukikaa juu ya bahari kwa urefu wote wa upeo wa macho, palikuwa na ukanda mwingine wa buluu iliyokolea kijivu. Wengi tumeuona ukanda huo wa chini maisha yetu yote tukaudhani mawingu au vumbi la bara. Ni kivuli cha dunia. Jua linapokuwa chini kidogo ya upeo wa mashariki, dunia huziba mwanga wake usifike kwenye hewa ya upande wa pili, na hewa hiyo isiyopata jua ndiyo inayoonekana buluu ya kijivu. Waridi ya juu yake ni hewa ambayo tayari imepata jua. Kadiri jua linavyopanda, ukanda wa kivuli hushuka, mpaka jua litokapo unakuwa umezama wote.

Mwezi ulikuwa unaingia humo, ndani ya buluu ile, ukiwa na pengo lake upande wa kulia. Kivuli kilichoangukia hewa, pale juu ya maji, na kivuli kilichoangukia mwezi, karibu kilomita 357,000 kutoka hapo, kilikuwa kimoja. Kilianzia miguuni petu, kikapita juu ya Mrima, kikatoka nje ya hewa, kikaendelea kusinyaa polepole hadi kufika kwenye mwezi kikiwa bado kipana zaidi ya mara mbili na nusu ya kipenyo cha mwezi wenyewe, na zaidi ya hapo kikaendelea mpaka kuishia kwenye ncha yake, zaidi ya kilomita milioni moja kutoka hapa. Katika usiku mwingine wowote kivuli hicho kipo vilevile, kinaelekea upande ulio kinyume na jua, na hakuna cha kukionyesha. Mwezi mpevu kwa kawaida hupita juu yake au chini yake, kwa sababu njia yake imeinama kama digrii tano kutoka njia ya jua. Siku hiyo ulipita karibu vya kutosha kuguswa upande wa kaskazini tu.

Hapa ndipo mawazo yangu hukaa kila nikiikumbuka alfajiri ile. Kama mtu angekuwa amesimama juu ya mwezi saa 11:44, akaitazama dunia, angeona duara jeusi mbele ya jua, na ukingoni mwake utepe mwembamba wa mwanga mwekundu: machweo yote na mapambazuko yote ya dunia kwa wakati mmoja. Mtu aliyekuwa kaskazini mwa Brazili, ambako mwezi ulikuwa utosini saa ile, angekuwa katikati ya duara hilo jeusi. Mtu aliyekuwa Accra angekuwa ndani yake, mbali na ukingo. Lakini sisi ambao kwetu mwezi ulikuwa unazama tungekuwa kwenye ukingo wenyewe, katika utepe wa mwanga. Ndiyo maana ya kuuona mwezi kwenye upeo wa macho: nao, kama una macho, unakuona kwenye upeo wake. Kivuli kinachoupata mwezi huchorwa na ukingo wa dunia, na anayeutazama mwezi ukizama umepatwa amesimama juu ya ukingo huo.

Ukweli unanidai niongeze jambo. Sehemu ya ukingo iliyotupa lile pengo haikuwa yetu. Mwezi ulipita kusini mwa kitovu cha kivuli, kwa hiyo uliguswa na ukingo wa kivuli wa kusini, na ukingo huo hutupwa na kusini ya dunia, huko Antaktika. Ni sehemu ya dunia yenye barafu na giza refu, ambayo siku zile, karibu na sikusare ya Septemba, ilikuwa inaanza tu kupata jua baada ya majira yake ya baridi. Sisi tulikuwa juu ya mzingo uleule, karibu robo ya duara kutoka hapo. Nimewahi kumwona mtu akipoteza hamu alipoambiwa hivyo, kana kwamba kivuli kisichotoka Unguja hakituhusu. Mimi hamu yangu iliongezeka. Barafu ambayo sitaifikia maishani mwangu niliiona umbo lake, kwa dakika chache, mbele ya Forodhani.

Jua lilitoka mnamo saa 12:15, mwezi ukazama mnamo saa 12:21. Hizo dakika chache katikati zinastahili kuelezwa, kwa sababu kwa hesabu ya mstari mnyoofu ni vigumu kuzikubali. Kama jua, dunia na mwezi vimepangana, jua linapochomoza mwezi unapaswa kuwa unazama. Lakini hewa hupinda mwanga, na karibu na upeo wa macho huupinda kama nusu digrii, kiasi cha upana mzima wa jua. Tunaliona jua kabla halijafika, na tunauona mwezi baada ya kuondoka. Pliny Mkubwa wa Roma aliandika, katika karne ya kwanza, juu ya siku ambayo mwezi ulipatwa upande wa magharibi na jua likaonekana pia. Wakati wa kwetu kivuli kizito kilikuwa kinamalizia kuutoka mwezi jua lilipochomoza, kwa hiyo siwezi kusema niliona vyote viwili kwa ukamilifu. Niliona mwezi wa manjano, uliobonyezwa na hewa juu na chini, na nilihisi jua mgongoni.

Sasa swali la mzee. Nilimjibu kwamba wakati bado upo mpaka jua litoke, akanitazama kama anayepima kama ninajua ninachosema. Ninachokijua nimekipata kwenye darasa za misikitini kama wengine. Swala ya kupatwa kwa mwezi ni sunna iliyotiliwa mkazo, rakaa mbili, na kila rakaa ina rukuu mbili. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo Waislamu wengi wa pwani hii huyafuata, mafakihi waliuliza hasa jambo hili: itakuwaje kama mwezi umepatwa na alfajiri imeingia? Itakuwaje kama umezama kabla haujafunguka? Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliliweka jibu katika Minhaj, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Unguja, Lamu na Mombasa wamekisoma. Kuingia kwa alfajiri hakukatizi wakati wa swala hiyo. Mwezi kuzama umepatwa hakukatizi. Kinachokatiza ni mwezi kufunguka wote, au jua kuchomoza.

Kila nikiifikiria hukumu hiyo naona jicho la mtu aliyewahi kusimama alfajiri akautazama. Mwezi ukizama umepatwa, bado umepatwa. Kuondoka mbele ya macho yetu ni jambo letu, si lake. Usiku ukiwa bado haujakwisha kabisa, mwezi una haki zake. Jua likitoka, mwangaza wa mwezi haumfai tena mtu, na jambo limekwisha. Fakihi huyo hakuwa akieleza elimu ya falaki, lakini alitenganisha vizuri kati ya kinachotokea mbinguni na kinachotokea kwenye upeo wa macho ya mtu mmoja. Wengi wetu hadi leo tunavichanganya.

Na nyuma ya hukumu hiyo kuna msiba wa baba. Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume Muhammad, alifariki Madina, na siku ile jua likapatwa. Wanafalaki wengi hukulinganisha kupatwa huko na kule kwa tarehe 27 Januari mwaka 632. Watu wakasema jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Ingekuwa rahisi kwa aliyefiwa kunyamaza. Alisimama akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaelekeza kwenye swala. Sijui mfano mkubwa kuliko huo wa mtu kukataa kuiingiza mbingu katika huzuni yake.

Kwa kuwa kupatwa kwa mwezi hakumlengi mtu, huonekana kwa dakika moja na wote wenye mwezi juu ya upeo wao. Kupatwa kwa jua si hivyo. Kivuli cha mwezi hukimbia juu ya ardhi, na kila mji una saa yake. Kivuli cha dunia kikiugusa mwezi kimeugusa, awe mtu yuko Unguja au Kigoma au Accra. Al-Biruni alilitumia hilo kwa akili ambayo bado inanishangaza. Tarehe 24 Mei 997, akiwa kijana wa miaka 23 katika mji wa Kath, katika Uzbekistani ya leo, alitazama kupatwa kwa mwezi na kuandika saa ya pale kwa jua la pale. Abu al-Wafa, aliyekuwa Baghdad, alifanya vivyo hivyo kwa makubaliano kati yao. Walipolinganisha saa zao, tofauti iliyotokea ilikuwa tofauti ya longitudo kati ya miji hiyo miwili. Hakuna aliyesafiri. Mwezi ulifanya kazi ya kengele moja iliyosikika katika nchi mbili.

Alfajiri ya 2024 tungeweza kufanya hivyo kwa Kiswahili kitupu kutoka bahari hadi ziwa. Kigoma, karibu digrii tisa na nusu magharibi ya Unguja, mwezi ulikuwa bado juu katika giza kamili kivuli kilipofika kilele chake, na ulikuja kuzama upande wa Kongo, ng'ambo ya Tanganyika, karibu dakika arobaini baada ya kuzama kwetu. Lamu, iliyo mashariki zaidi, ulizama mapema, karibu na dakika ileile ambayo kivuli kilikuwa kinauacha. Na Maskati, waliko ndugu wa watu wengi wa Unguja, jua lilikuwa limekwisha kutoka na mwezi umekwisha zama kabla kivuli kizito hakijaugusa. Aliyempigia simu shangazi yake Maskati alfajiri ile kumwambia mwezi umepatwa, alikuwa anamwambia habari ya kitu kilicho chini ya ardhi yake.

Jambo moja lilihuzunisha kidogo, na sioni haya kulisema. Kupatwa kwa mwezi huja kwa koo. Kila baada ya miaka 18, siku kumi au kumi na moja na saa nane hivi, jua, dunia na mwezi hurudi karibu katika mpangilio uleule, na kupatwa kunajirudia kwa namna inayofanana na kule kwa nyuma. Wanafalaki wa Babeli walilijua hilo. Ukoo uliotuletea alfajiri ya 2024 ulianza mwaka 1105 kwa kivuli chepesi, ukakua karne kwa karne, ukawa na kupatwa kwa mwezi mzima, na mara ya mwisho mwezi kuzama wote ndani ya kivuli katika ukoo huo ilikuwa mwaka 1880, Seyyid Barghash akiwa anatawala Unguja. Tangu hapo kila mara pengo limekuwa dogo zaidi. Tarehe 7 Septemba 2006, karibu saa nne usiku kwa saa zetu, lilikuwa chini ya sehemu moja ya tano ya kipenyo. Mwaka 2024 lilikuwa asilimia nane na nusu. Tarehe 29 Septemba 2042 mwezi utapita ubavuni mwa kivuli kizito bila kukigusa, na kwetu itakuwa mchana. Baada ya hapo ukoo utaendelea kwa kivuli chepesi peke yake hadi mwaka 2403, kisha utakwisha.

Kwa hiyo kile tulichokitazama na mzee wa kahawa kilikuwa mguso wa mwisho wa kivuli kizito katika ukoo huo wote. Sikulijua hilo pale ukutani. Ningelijua, ningemwambia, na nadhani angekaa.

Bahari nayo ilikuwa na lake. Ilikuwa bamvua, tena bamvua kubwa: mwezi mpevu, karibu na sikusare, na siku ileile mwezi ulikuwa unafika mahali pake pa karibu kabisa na dunia. Hapa Unguja maji ya bamvua kubwa hujaa na kupwa kwa tofauti inayokaribia mita nne. Yalikuwa yamejaa kabla ya mapambazuko na sasa yalikuwa yanatoka, yakivuta kamba za mashua kuelekea kusini na magharibi. Mashua za dagaa hazikwenda usiku ule, kama zisivyokwenda usiku wowote wa mwezi mpevu, kwa sababu taa haina nguvu ya kuita samaki mbele ya mwezi. Kigoma ni hivyohivyo ziwani. Wavuvi wa dagaa wa pande zote mbili, ambao kwa kazi yao wangekuwa mashahidi bora wa alfajiri ile, walikuwa wamelala kwa sababu ya mwezi huohuo.

Ijumaa ya tarehe 28 Agosti 2026 mwezi utapatwa tena alfajiri, na, kama ule wa 2024, katika Mfunguo Sita wa kalenda ya Kiislamu. Kupatwa huku ni kwa ukoo mwingine, wenye nguvu. Kivuli kizito kitaugusa mnamo saa 11:34. Kwa Unguja mwezi utazama karibu saa 12:25, takriban dakika ileile jua litakapochomoza, ukiwa umefunikwa zaidi ya nusu ya kipenyo chake na bado unaendelea kufunikwa. Safari hii jicho halitahitaji kuelekezwa, na wa kuswali watakuwa na karibu saa nzima. Kigoma watauona hadi mnamo saa 1:04 asubuhi, dakika chache kabla ya kilele chake, ukishuka kwenye milima ya Kongo ukiwa umebaki ukingo mwembamba tu.

Nimekubaliana na rafiki yangu aliyeko Ujiji tufanye kama Al-Biruni na mwenzake, bila chombo chochote. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hupima kama digrii kumi. Kivuli kitakapougusa mwezi, kila mmoja wetu atahesabu mwezi uko ngumi ngapi juu ya upeo wa macho na kumtumia mwenzake jibu kabla hajapata la kwake. Kwangu inatakiwa iwe ngumi moja na kidogo, kwake mbili na kidogo. Hiyo ngumi moja ya tofauti ni kilomita elfu moja na ushei, Tanzania nzima kutoka bahari hadi ziwa, na nataka kuipata kwa mkono wangu.